Shati la Kazini

Kikaratasi cha meneja kinasema:
kimea na nafaka, viwanda ishirini na vitatu,
pipa la mwaloni, miaka kumi na minane,
mwanzo asali, kati tunda kavu, mwisho moshi.
Nimekihifadhi kama jedwali la saba.
Wageni wa Shangani huniuliza, "Wewe waionaje?"
nami huwapa ya kikaratasi,
ulimi wangu haujapata kuvuka
maji ya ndimu na soda ya tangawizi.

Miaka tisa nafungua, namimina, nafunga.
Naijua kwa rangi: chai kavu iliyosahauliwa jikoni.
Naijua inavyoteremka ukutani mwa glasi,
kama mtu ashukaye ngazi za Michenzani
usiku umeme umekatika.

Upande wa pili wa kikaratasi mna hadithi.
Zamani, katika mji wa mvua huko Uskochi,
palikuwa na muuza duka akichanganya majani ya chai,
makali kwa laini, ya mwaka jana kwa ya mwaka huu,
mteja wa Jumatatu apate alichokunywa Ijumaa.
Kisha akayatazama mapipa nyuma ya duka,
hili kali, hili bubu, hili lanuka kamba na lami,
akaona: kumbe kazi ni ileile.

Nilimsomea mama, nyumbani Kikwajuni.
Bi Zuwena akacheka hata akakohoa,
mwiko umo mkononi, sufuria ya udi motoni.
"Loo! Huyo ndugu yangu.
Mie na sandali yangu, na ambari,
na hii sukari isiyotaka kupepeswa jicho,
ni nini nifanyacho kama si hicho?"

Lakini shati langu hulitia ndoo ya peke yake,
mbali na kanga zake za kusalia.
Halijawahi kumuuliza mshahara; yeye huliuliza shati.

Jana mkono wa kulia ulikuwa umemwagikiwa.
Kabla hajauchovya, akaunusa,
macho kayafumba, kama anusapo miski ya dukani
akitafuta uongo.
"Sukari. Ilikaribia kuungua, ikaokolewa.
Mti uliokaa gizani.
Zabibu, lakini za ndani ya pilau, zishavimba."
Akanyamaza. Bomba likadondosha tone.
"Na huku chini mna moshi. Si wa kuni.
Udongo uliolowa, ukalazimishwa kuwaka."

Kikaratasi hakina maneno hayo.

"Aliyeichanganya," akasema, "alikuwa na subira.
Haya, nipe sabuni."
Akalifua mara tatu.

Leo usiku mgeni mwenye ndevu nyekundu:
"Wewe waionaje?"
Nikafumbua kinywa, ikatoka sauti ya mama,
sukari yake, mti wake, udongo wake.
Akaiweka glasi chini polepole.
Akaniuliza nimeinywa miaka mingapi.

"Kwetu," nikamwambia, "huwa tunaifua."