Miwani ya Pazia

Kompyuta yetu ina chogo.
Mafundi wa Bondeni hunicheka, mbona siitupi.
Siitupi kwa sababu kioo chake kina mbio:
kinapepesa mara mia na ishirini kwa sekunde,
na miwani niliyokuwa naitafuta haipatani na kioo kizembe.

"Miwani gani hiyo?" akauliza Kundaeli,
kwenye kiduka chake cha vifaa, ghorofa ya pili, Moshi mjini,
ngazi zinanuka mkate.
Nikamweleza: inafumba jicho la kushoto, inafumbua la kulia,
inafumba la kulia, inafumbua la kushoto,
upesi hata ubongo unakosa nafasi ya kulalamika,
na picha mbili bapa zinakuwa bonde moja lenye kina,
karibu utie mguu.
Akacheka. "Si wanasema macho hayana pazia?"
"Basi nipe mapazia mawili," nikasema,
"yasizidi elfu arobaini."

Akatoa tatu.
Ya kwanza haina waya, inang'aa, laki na ishirini.
Niliirudisha taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.
Ya pili ya karatasi, jicho jekundu, jicho la samawati;
nilipoivaa Kundaeli akawa na rangi ya nyanya iliyovia.
Ya tatu ina waya mrefu, mkono mmoja umegandishwa kwa gundi,
thelathini na nane, akashuka hadi thelathini na tatu,
na kidude cha kuchomeka nyuma ya mashine akanipa bure.
Rahisi ghali, najua.
Lakini niliinyanyua dirishani, nikaigeuza huku na huku:
vioo havikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Mama yangu, Ndeshukurwa, alikaa Ofisi ya Ardhi
miaka ishirini na sita
akichora mito kutoka picha za ndege.
Picha mbili, kioo pacha, pumzi kaibana,
na Karanga inamwinukia na kingo zake,
mibuni mmoja mmoja,
hata banda la yule bwana aliyekataa kupimiwa.
Siku ya kustaafu kioo pacha kilibaki mezani.
Picha, jozi kumi na moja, zilirudi naye
ndani ya bahasha ya kaki
ambayo hakuna aliyeiuliza.

Jumamosi, masika yakipiga bati,
nikafunga mapazia ya kitambaa, nikamvalisha haya ya vioo.
Waya ukapita begani, juu ya khanga.
"Unaona?"
"Naona."
"Vilima vimesimama?"
Akanyamaza.
"Vimelala, mwanangu. Labda vimechoka."

Nikachomoa, nikachomeka. Nikailaani gundi, nikamlaani Kundaeli.
Nikaivaa mwenyewe:
Karanga ikafunguka kama kabati,
nikashika meza nisitumbukie.

Basi si miwani.
Nikamziba jicho la kushoto kwa kiganja. "Na sasa?"
"Sasa kuna ukungu. Kama wa Marangu alfajiri."
"Tangu lini, mama?"
"Tangu mahindi ya mwaka juzi."

Mimi niliyejidhania mtoto wake wa pekee!
Kumbe yupo mwingine, mtoto wa jicho,
kaketi upande wa kulia, ananyonya nuru,
wala hajanipa hata salamu.

KCMC wametupa tarehe, ishirini na mbili mwezi ujao.
Miwani inaning'inia msumarini.
Nilitaka kuirudisha, mama akakataa katakata.
"Umelipia mapazia mawili. Moja linafunguka.
Lingojee la pili."

Usiku mwingine nasikia mashine ikivuma sebuleni.
Namkuta mbele ya bonde lililolala chali,
kidole juu ya kioo, pale mto unapokata kona.
"Huku juu," ananiambia bila kugeuka,
"huku chini.
Angalia usianguke."