Kung'oa

Jumapili, kliniki ya meno Upanga, kiti hakina mgonjwa.
Dakta Nargis kanipa koleo lake la zamani:
"Toa haya ya kahawia, Mbwana. Yamewaziba wenzao."

Miwani. Glovu mpaka kiwiko.
Jiwe nalizamisha ndooni, katika maji yake yaleyale ya chumvi;
silichemshi, silisugui kavu:
tumbawe hili, laini kama ufizi,
lina sumu ya kukulaza Muhimbili.

Patasi chini ya shina, polepole.
Linatoka na chembe ya jiwe.

Lilikuja limejibanza, mgeni wa siku mbili;
ya tatu hakuna aliyelikabidhi jembe,
likazaa.

Mfuko nafunga mara mbili.
Mikono, sabuni, tena sabuni.
Jicho linawasha.
Siligusi.