Vieno Aliuliza

Kituo cha kwanza cha kulaza mbwa, hapa Kuopio,
sakafu iling'aa kama sahani ya wageni.
Harufu ya waridi. Bei ukutani.
Hakuna mbwa aliyebweka,
na kimya kile kikanitia shaka.

Cha pili kilinuka mbwa.
Vieno alitoka na matope magotini,
hakunipa mkono; alichuchumaa kwanza,
akamwachia Tuisku anuse vidole
hadi aridhike.
"Anaogopa nini?"
Radi, nikasema. Na ufagio.
Sijui alifanywa nini nao; nilimpata mkubwa.
Akaandika: ufagio.

Kesho kutwa napasuliwa nyonga.
Nimeacha blanketi, na soksi yangu moja
isiyofuliwa.
Tuisku aliingia bila kugeuka.
Mimi ndiye niliyegeuka, mara tatu,
hadi ukungu ukameza lango.