Uhai Wake

Ibara ya kumi na nne niliipiga taipu mimi,
kwa vidole hivihivi vinavyoshindwa leo kufunga kifungo.
Mashine ilikuwa ya kijani, herufi moja imelegea:
kila "k" ilikaa juu kidogo ya mstari
kama mtoto anayechungulia dirishani.

Meneja akisoma, Mponji wa chama akiitikia,
nami nagonga, karatasi tatu, kaboni mbili:
*Mstaafu atatibiwa kwa gharama ya kampuni,
kwa mujibu wa mkataba huu,
hadi mwisho wa uhai wake.*
Mponji akatia sahihi kwa mkono wa kushoto.
Tukanywa soda, tukarudi kazini.

Miaka thelathini na moja, kiwanda cha mablanketi, Chang'ombe.
Usiku nilikuwa napiga chafya za rangi,
nyekundu wakitengeneza za jeshi la wokovu wa baridi, kama tulivyowatania watu wa Njombe,
buluu wakitengeneza za hospitali.
Siku ya kuagwa nilipewa saa ya ukutani na kadi.
Saa ilikufa mapema. Kadi ikaendelea kupumua.

Hadi Jumanne ile, dirisha la dawa, Temeke.
Binti akaingiza namba, akafuta, akaingiza tena.
"Bibi, kadi haisomi."
Haisomi! Utadhani ndiyo iliyokimbia shule.
Vidonge vya presha nikaviacha kaunta,
vimeshafungwa kwenye bahasha, juu yake jina langu:
Sikudhani Mbonde. Kweli, sikudhani.

Barua ikafuata, mistari minne.
*Kutokana na mabadiliko ya sera.*
Wamiliki wapya, rangi mpya getini,
mlinzi mpya asiyenijua.

Mahakamani wakili wao, kijana, kiatu kinalia,
akasimama juu ya neno moja.
"Uhai wake, Mheshimiwa Jaji. Wa nani?
Si wa mstaafu. Ni wa mkataba.
Nao mkataba muda wake ulikwisha Juni."
Mponji akacheka hadi akakohoa,
akakohoa hadi karani akamletea maji.

Nilipoitwa, niliomba nakala ya kaboni.
Nikaonyesha "k" ya "wake", ilivyopanda.
Nikasema, neno hili nililitilia shaka siku ileile,
nikainua mikono toka kwenye mashine, nikauliza:
Bwana meneja, wake nani? Tuandike wazi?
Akanijibu bila kuinua macho:
"Sikudhani, lini umeona mkataba ukiugua?"

Kukawa kimya. Feni tu.
Jaji akaandika, akaandika, akafunga faili.
Hukumu tarehe kumi na tisa mwezi ujao, saa tatu asubuhi.

Nje, kwenye ngazi, Mponji akatoa pakiti yake,
akahesabu siku, akahesabu vidonge,
kisha akaniazima wembe
avikate nusu nusu,
vifike.