Hati ya Umiliki

Miaka thelathini na mmoja niligonga mihuri
katika ofisi ya hati za ardhi, mjini Ptuj,
dirisha langu likitazama mto Drava.
Nimeona ndugu wa tumbo moja wakishikana mashati
kwa ajili ya bustani ya upana wa hatua mbili.
Kwa hiyo najua kununua ni nini, na kupanga ni nini:
mpangaji hapigilii msumari bila kuuliza.

Basi waliponiandikia kwamba filamu kumi na nne
nilizozinunua (neno lao hilo, limo kwenye kitufe)
"hazipatikani tena katika eneo lako",
nilivaa miwani nikasoma masharti yote,
kurasa arubaini na moja, penseli mkononi,
na kwenye ya thelathini nikakikuta nilichokinunua:
ruhusa. Ruhusa ya kutazama, mpaka waghairi.
Mtu angeniletea mkataba ule dirishani
ningemrudishia bila muhuri,
na pengine ningemwita mlinzi.

Filamu zikaenda. Sikulilia filamu.

Lakini Bogomir alirekodi kila Februari
vijana wa mtaa wetu wamevaa ngozi za kondoo,
njuga viunoni, wakiifukuza baridi barabarani,
na kila mwaka, mwishoni, aliigeuza simu,
akajionyesha uso, akatoa mzaha mmoja, akakohoa.
Zote zilikuwa kwenye wingu.
Wingu la nani? Sikuuliza.
Nilikuwa nimestaafu kuuliza.

Mwaka wa pili wa ujane nikafungua nimtazame.
Wamezing'arisha. Zawadi, walisema, bila malipo.
Theluji nyeupe kuliko theluji,
njuga zimepangwa sauti kama kwaya,
na mume wangu ana meno ya mtangazaji.

Bogomir hakuwahi kuwa na meno yale.
La mbele alilivunja kwenye trekta la baba yake
kabla sijamjua. Wanasema penzi huita chongo kengeza;
mimi sikuliita jina jingine.
Niliona pengo, nikapenda pengo.

Na kikohozi wamekifuta.
Kikohozi kile ndicho kilichomuua.

Neža wa ghorofa ya chini, anayesomea ufundi umeme,
alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tu:
"Simu yake ya zamani iko wapi?"
Ilikuwa kwenye droo ya vijiko, kioo kimepasuka.

Sasa kuna kisanduku stoo,
kati ya chupa za mafuta ya mbegu za maboga
na mitungi ya kabichi chachu:
diski mbili zinazonakiliana kama makarani wasioaminiana,
na feni inayokoroma.
Sitasema ni raha. Mwezi wa tatu umeme ulikatika,
nikapiga magoti sakafuni, tochi mdomoni,
nikimtukana Neža, mashine, na marehemu.
Diski moja ikafa, nikalipa yuro tisini.
Ukitaka nyumba iwe yako, na paa linalovuja ni lako.

Nakala ya tatu iko kwa dada yangu, Ljutomer,
ndani ya kopo la biskuti. Anadhani ni vito.

Nimeandika kadi kwa mwandiko wa kazini,
nikaibandika mlangoni mwa stoo:

Mmiliki: Zdenka Vogrin, mjane.
Mipaka: rafu ya pili; kushoto mafuta, kulia kabichi.
Mizigo juu ya mali: umeme, vumbi, umri wa mmiliki.
Mrithi:

Hapo nimeacha wazi.
Neža alipita, akaisoma, hakusema neno.
Kesho yake akaniuliza, kama anayeuliza bei ya mayai,
neno langu la siri linaandikwaje.

Usiku nafungua ile ya mwaka wa mwisho.
Kidole gumba kimeziba robo ya picha.
Theluji ina tope, njuga zinagongana ovyo.
Anaigeuza simu. Pengo lile pale.
Anakohoa.
Narudisha nyuma.
Anakohoa.