Mtoa Taarifa Namba Saba

Viti arobaini nilivipanga.
Kigoma ikaleta watu kumi na mmoja,
mmoja akikwepa mvua.
Daktari Ruhaga akafungua kompyuta:
Uchumi wa Chumvi, Uvinza.
Umeme ukakatika kwenye jedwali la pili.

Basi akabonyeza kinasa sauti.
Mwanamke, kanda ya zamani,
akaeleza kuni, chungu, maji ya chumvi yasiyotaka haraka,
kisha akakohoa.

Yule wa mvua akasimama.
"Kikohozi hicho ni cha mama."

Ratiba ilisema maswali baadaye.
Daktari akamulika daftari kwa simu:
mtoa taarifa namba saba.
"Ana jina. Ntibakazi, wa Basanza. Andika."

Kalamu ikakwaruza.
Saa yangu ya kufunga ilishapita;
funguo ziliniuma pajani, nikaziacha.

"Rudisha nyuma," akasema,
"pale anapokohoa."