Nusu Alama

Darasa liko juu ya duka la vipuri vya trekta
mjini Moga, Punjab. Ukungu wa Januari
umeegemea dirisha kama mwanafunzi aliyechelewa,
anayeona haya kubisha.
Chini wanagonga vyuma. Juu tunagonga vitenzi.

Saa moja asubuhi, kusikiliza.
Mwanamume ndani ya spika anaelekeza njia ya maktaba:
pita bwawa, pinda kushoto, usivuke daraja.
Vichwa ishirini na viwili vimeinama,
vinatafuta maktaba ambayo haijajengwa popote.
Nawaambia: yaacheni maneno yapite, vizieni "lakini".
Jibu hujificha nyuma ya "lakini"
kama paka nyuma ya pazia,
mkia nje.

Kisha kusoma. Maswali kwanza, habari baadaye.
Kweli. Si kweli. Haikutajwa.
Hapa ndipo wengi huanguka,
maana kisichotajwa hufanana mno na uongo.
Fatehbir, anayekaa karibu na hita, akanyoosha mkono:
"Baba anasema ekari mbili za mwisho hatauza.
Hiyo tuiweke wapi, Mwalimu?"
Darasa likacheka.
Halafu kila mmoja akakumbuka ekari za kwao.

Kuandika nimewapa mifupa:
wapo wasemao hivi, wapo wasemao vile,
kwa maoni yangu, kwa kumalizia.
Nyama tieni wenyewe, nikasema.
Wakaniletea mifupa, imeoshwa, imepangwa,
madaftari ishirini na mawili ya mifupa.

Na kuzungumza, ee, kuzungumza!
Kadi inasema: mweleze mtu mzima unayemheshimu.
Wote wana bibi mmoja.
Nilimbuni mimi, miaka tisa iliyopita, siku ya mvua:
anapenda bustani, anaamka mapema, ana tabasamu changamfu.
Bibi huyo ametahiniwa Ludhiana, ametahiniwa Chandigarh,
mara nyingine hufa katikati ya dakika ya pili
mtoto akikosa la kuongeza.

Zamu ya Hargun. Bibi akamkwama kooni.
"Anapenda... anapenda..."
Saa ya mezani ikaendelea kumla.
Nikaichukua kadi, nikaikalia.
Niambie kitu unachokijua kunishinda.

Akatazama dari. Akasema:
umeme wa shambani huja saa nane usiku.
Mimi na kaka tunangoja kwenye mtambo wa maji.
Tunawasha mota. Maji hayajaonekana,
lakini ukishika bomba, unayasikia yakipanda,
baridi inatangulia, bomba linatetemeka kidogo
kama ng'ombe anayeguswa na mgeni.

Wakati uliopita na uliopo viligongana,
vitenzi vikavunjika miguu, na hakuna aliyejali.
Kalamu yangu nyekundu ilibaki hewani.
Kisha nikaandika: makosa saba.
Mtahini hatakuwa na ngozi ya kusisimka,
atakuwa na fomu.

Mimi mwenyewe nilikaa mtihani huu mara tatu.
Sita. Sita. Sita.
Walitaka sita na nusu.
Barua ya chuo cha Winnipeg imo kwenye debe la unga,
mama hakutaka panya waisome.
Tangu hapo nafundisha ile nusu nisiyokuwa nayo,
na kusema kweli, naifundisha vizuri.

Februari, simu. Mama yake Hargun,
sauti ya mtu aliyesimama:
"Mwalimu, sita na nusu ni kucheka au ni kulia?"
Ni kucheka, mama.
Akanyamaza kwa muda ambao kwenye mtihani
ungemgharimu alama.

Ekari mbili zimeuzwa. Kweli.
Baba yake Hargun amesema haijamuuma. Si kweli.
Juzi kaka mtu amejiandikisha darasa la jioni,
nimemkalisha kiti kilekile, karibu na dirisha.
Usiku wa manane, umeme ukirudi,
nani atashika bomba?